Inchi za monita: Namba moja inayoficha mengi

Na Mwandishi Wetu

MATANGAZO ya kompyuta na runinga hutanguliza namba moja kabla ya nyingine zote, nayo ni inchi. Monita ya inchi 19, ya inchi 22, ya inchi 24 au ya inchi 27. Namba hiyo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ndiyo muuzaji huitaja kwanza, na mara nyingi ndiyo huamua bei.

Mnunuzi anayedhani kuwa inchi hizo ni upana wa kioo hukosea, na anayedhani kuwa ni kimo chake hukosea zaidi. Kipimo hicho ni cha mshazari, yaani mstari ulionyooka kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe iliyo mkabala nayo, kwa mfano kutoka pembe ya chini kushoto hadi ya juu kulia. Fremu inayokizunguka kioo haihesabiwi.

Kutoelewa jambo hilo kunaweza kumgharimu mnunuzi. Monita mbili zilizoandikwa inchi zilezile zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi katika eneo la picha. Aidha, kwa miaka mingi inchi zilizotangazwa zilijumuisha sehemu ya kioo ambayo mnunuzi hakuweza kuiona kamwe, hadi suala hilo lilipofikishwa mahakamani nchini Marekani.

Asili ya kipimo cha mshazari

Desturi ya kupima mshazari inarudi nyuma hadi kwenye runinga za kwanza. Runinga hizo, na baadaye monita za kompyuta, zilitumia chupa kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo kwa mafundi ilijulikana kama tyubu ya picha. Nyuma yake kulikuwa na shingo nyembamba iliyorusha miale ya elektroni kuelekea uso wa mbele, ambao ulipakwa kemikali inayong'aa inapopigwa na miale hiyo. Umbo hilo la kisogo kirefu ndilo lililozipatia mashine hizo jina la chogo, ambalo bado linasikika mitaani.

Tyubu za mwanzo zilikuwa na uso wa duara, kwa kuwa umbo hilo lilistahimili vizuri mgandamizo wa hewa ya nje. Duara hutajwa kwa kipimo kimoja tu, nacho ni kipenyo. Runinga aina ya RCA 630-TS, iliyoingia katika soko la Marekani mwaka 1946, ilikuwa na tyubu ya inchi 10, maana yake ni kwamba kipenyo cha uso wake kilikuwa inchi 10. Picha iliyoonyeshwa humo ilikuwa ndogo kuliko namba hiyo ilivyomfanya mtu adhani.

Tyubu za mstatili zilipoenea katika miaka ya 1950, kilihitajika kipimo kitakacholingana na kile ambacho wanunuzi walikuwa wamekizoea. Mshazari ulifaa, kwa sababu mstatili unaoingia barabara ndani ya duara huwa na mshazari ulio sawa na kipenyo cha duara hilo. Hivyo namba za zamani zikaendelea kutumika ingawa umbo lilikuwa limebadilika.

Mshazari ulikuwa na faida nyingine kwa mfanyabiashara: ndio mstari mrefu kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya mstatili. Kioo chenye upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 9 huuzwa kama kioo cha inchi 15. Hakuna uongo katika namba hiyo, lakini wala hakuna upande wowote wa kioo hicho unaofika inchi 15.

Inchi 17 zilizokuwa 16

Katika monita za chogo kulikuwa na tatizo kubwa kuliko hilo. Kipimo kilichotangazwa kilikuwa cha tyubu nzima, si cha picha. Kingo za tyubu zilijipinda kuelekea nyuma, picha haikuweza kufika hadi ukingoni, na fremu ya plastiki ilifunika sehemu ya mbele pande zote nne. Matokeo yake, mnunuzi alilipia kioo ambacho sehemu yake ilikuwa imefichwa.

Kwa kawaida, monita ya chogo iliyouzwa kama ya inchi 15 ilionyesha picha yenye mshazari wa karibu inchi 14. Ile ya inchi 17 ilionyesha karibu inchi 16, ya inchi 19 karibu inchi 18, na ya inchi 21 karibu inchi 20.

Inchi moja huonekana kuwa kitu kidogo, lakini hesabu ya eneo husema vingine. Kioo cha kweli cha inchi 17 kwa umbo la wakati huo kingekuwa na upana wa inchi 13.6 na kimo cha inchi 10.2, sawa na eneo la inchi za mraba 138.7. Kioo cha inchi 16 kina upana wa inchi 12.8 na kimo cha inchi 9.6, sawa na inchi za mraba 122.9. Inchi moja iliyofichwa iliondoka na takriban asilimia 11 ya picha.

Malalamiko yafika mahakamani

Kwa upande wa runinga, serikali ya Marekani ilikuwa imekwishaingilia kati. Mwaka 1966 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa kanuni iliyotaka ukubwa unaotangazwa uwe wa picha inayoonekana, na upimwe kwa mstari ulionyooka badala ya kufuata mbinuko wa kioo. Muuzaji aliyetumia kipimo kingine kisichokuwa cha upana, ukiwemo mshazari, alitakiwa kueleza hivyo waziwazi karibu na namba yenyewe.

Kanuni hiyo ilihusu runinga. Kompyuta zilipoingia majumbani kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990, monita zake ziliendelea kuuzwa kwa kipimo cha tyubu nzima. Ndani ya duka moja la vifaa vya umeme, inchi za runinga na inchi za monita zilikuwa na maana mbili tofauti.

Katikati ya miaka ya 1990 mamlaka za jimbo la California zilizibana kampuni za kompyuta kuhusu matangazo hayo, na wanunuzi nao wakafungua mashauri ya pamoja wakidai kuwa walipotoshwa. Mashauri hayo yalimalizika kwa maridhiano. Kampuni zilianza kuandika kipimo cha picha inayoonekana pembeni mwa kile cha tyubu. Tangu hapo matangazo yakawa na namba mbili, kwa mfano inchi 17 kwa maandishi makubwa, na inchi 15.9 zinazoonekana kwa maandishi madogo.

Fidia kwa mnunuzi mmoja mmoja ilikuwa ndogo. Waliohusika walipewa haki ya kupunguziwa dola 13 wanaponunua kifaa kingine, au kusubiri na kulipwa dola 6 taslimu. Kwa maneno mengine, kiasi kikubwa zaidi kilipatikana kwa kurudi dukani na kutumia fedha zaidi. Faida ya kudumu ya mashauri hayo ilikuwa ni ile namba ya pili kwenye tangazo.

Kanuni ya mwaka 1966 iliyohusu runinga ilifutwa na Tume hiyo mwaka 2018, baada ya vioo bapa kuchukua nafasi ya tyubu na kipimo cha mshazari kuwa kimezoeleka kwa wanunuzi.

Kioo bapa chaleta fumbo jingine

Katika miaka ya 2000 monita za chogo zilianza kuondoka madukani na nafasi yake kuchukuliwa na vioo bapa vya teknolojia ya LCD. Kioo cha aina hiyo kina vinukta vya picha vilivyopangwa kwa idadi maalumu, na karibu vyote huonekana. Monita bapa ya inchi 15 huonyesha inchi 15 kamili au karibu sana na hapo. Ndiyo sababu mtu aliyeacha chogo la inchi 17 na kununua bapa la inchi 15 alipoteza kidogo sana kuliko namba zilivyoonyesha.

Tatizo la inchi zilizofichwa likawa limekwisha, lakini umbo la kioo nalo likaanza kubadilika. Monita za chogo kwa kawaida zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, yaani kwa kila inchi 4 za upana kulikuwa na inchi 3 za kimo. Monita bapa nyingi za mwanzo za inchi 17 na 19 zilikuwa na uwiano wa 5 kwa 4, ambao unakaribia mraba. Baadaye ukaja uwiano wa 16 kwa 10, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 ule wa 16 kwa 9, unaotumika pia katika runinga, ukatawala soko. Leo zipo pia monita pana zaidi zinazotangazwa kuwa na uwiano wa 21 kwa 9.

Mshazari hauelezi lolote kuhusu umbo hilo. Kadiri mstatili unavyorefuka kwa upana na kufupika kwa kimo, ndivyo eneo lake linavyopungua hata kama mshazari haukubadilika. Kioo cha inchi 19 chenye uwiano wa 5 kwa 4 kina eneo la inchi za mraba 176. Cha inchi 19 chenye uwiano wa 4 kwa 3 kina inchi za mraba 173. Cha 16 kwa 10 kina 162, na cha 16 kwa 9 kina 154. Vyote vinne ni vya inchi 19, na tangazo linalotaja inchi peke yake haliwezi kuvitofautisha.

Athari zake huonekana kazini. Ofisi iliyokuwa na monita za inchi 19 zenye uwiano wa 5 kwa 4, ikizibadilisha kwa zile za inchi 21.5 zenye uwiano wa 16 kwa 9, itapata karibu inchi 4 zaidi za upana. Lakini kimo kitapungua kutoka inchi 11.9 hadi 10.5. Mhasibu mwenye jedwali refu au mwandishi mwenye waraka wa kurasa nyingi anaweza kushangaa kuona kwamba monita iliyoandikwa namba kubwa zaidi ni fupi kuliko ile aliyokuwa nayo.

Tofauti hiyo hukua zaidi katika monita pana za kisasa. Monita pana ya inchi 29 ina kimo cha takriban inchi 11.3, sawa na monita ya kawaida ya inchi 23. Ile ya inchi 34 ina kimo cha takriban inchi 13.1, kinachokaribia sana cha monita ya kawaida ya inchi 27. Zinafaa kwa anayetaka kuweka kurasa mbili au tatu sambamba, lakini haziongezi kimo kama namba zake zinavyoashiria.

Hesabu ya Pythagoras

Hesabu inayohitajika ni ile inayofundishwa shuleni kwa jina la Pythagoras. Upana ukizidishwa kwa wenyewe na kujumlishwa na kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, jumla hiyo ni sawa na mshazari uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa kioo cha inchi 12 kwa 9, hesabu ni 144 kujumlisha 81, jibu ni 225, na kipeo cha pili cha 225 ni 15.

Asiyetaka kukokotoa vipeo anaweza kutumia njia fupi. Kwa monita ya 16 kwa 9, ambayo ndiyo imeenea zaidi, upana hupatikana kwa kuzidisha inchi zilizotangazwa kwa 0.87, na kimo kwa kuzidisha kwa 0.49. Kwa uwiano wa 16 kwa 10, namba hizo ni 0.85 na 0.53. Kwa uwiano wa 4 kwa 3, ni 0.8 na 0.6. Inchi moja ni sentimita 2.54.

Kwa hesabu hiyo, monita ya inchi 24 yenye uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa takriban inchi 20.9, sawa na sentimita 53, na kimo cha inchi 11.8, sawa na sentimita 30.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba eneo hukua haraka kuliko mshazari. Kutoka inchi 24 hadi 32 ni ongezeko la theluthi moja ya mshazari, lakini eneo la picha huongezeka kwa takriban asilimia 78. Kwa hiyo bei ya monita mbili zenye umbo moja hulinganishwa vizuri zaidi kwa eneo kuliko kwa inchi.

Ukubwa si wingi wa maelezo

Kioo kikubwa hakimaanishi kuwa kinaonyesha mambo mengi zaidi. Idadi ya vinukta vinavyounda picha, yaani pikseli, ni kipimo cha pekee. Monita yenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo ina jumla ya pikseli 2,073,600, iwe ni ya inchi 21.5 au ya inchi 27.

Kinachobadilika ni ukubwa wa kila kinukta. Katika monita ya inchi 21.5, pikseli 102 hivi huingia katika kila inchi moja ya kioo. Katika ile ya inchi 27, huingia 82 hivi. Mtumiaji wa monita ya inchi 27 ataona maandishi yaleyale, ila makubwa zaidi na yenye kingo zisizo laini sana. Kwa mwenye macho dhaifu hiyo inaweza kuwa nafuu. Kwa mchoraji wa ramani za majengo au mhariri wa picha inaweza kuwa hasara, na atahitaji monita ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440 au zaidi.

Kinyume chake pia ni kweli. Ofisi iliyotajwa hapo juu, kwa kuhama kutoka pikseli 1280 kwa 1024 hadi 1920 kwa 1080, itapata mistari 56 zaidi kwa kimo licha ya kioo kuwa kifupi. Gharama yake ni kwamba herufi zitakuwa ndogo kwa takriban asilimia 16, mpaka mtumiaji azikuze mwenyewe.

Lugha ya matangazo

Namba inayotajwa mara nyingi huwa imekadiriwa kwa kupandishwa. Kioo cha inchi 23.8 hutangazwa kuwa cha inchi 24, na cha inchi 31.5 kuwa cha inchi 32. Nchini Marekani tangazo huweza kusema runinga ni ya "daraja" la inchi 55, huku maandishi madogo yakieleza kuwa kipimo chake ni inchi 54.6. Tofauti hiyo ni ndogo, kwani katika mfano wa inchi 23.8 ni chini ya asilimia 2 ya eneo, lakini inaonyesha kwamba neno hilo halikuwekwa pale bila sababu.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, lebo ya matumizi ya umeme inayobandikwa kwenye monita na runinga tangu Machi 2021 hutaja mshazari wa picha inayoonekana kwa sentimita na kwa inchi, pamoja na idadi ya pikseli kwa upana na kwa kimo. Mnunuzi hupata namba hizo mahali pamoja.

Simu za mkononi nazo zimeingia katika mjadala huo. Kampuni ya Apple ilipotoa iPhone X mwaka 2017, ilitangaza kioo cha inchi 5.8, huku ikieleza kwa maandishi madogo kuwa pembe zake zimeviringwa, kwamba kipimo ni cha mstatili kamili, na kwamba eneo linaloonekana ni dogo zaidi ya hapo. Miongo miwili baada ya mashauri ya monita, mshazari ulikuwa bado unapimwa hadi kwenye pembe ambazo hazipo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Hata hivyo, mshazari uliotajwa kwa usahihi ni kipimo halali, na sheria haiwezi kumfanyia mnunuzi hesabu ya umbo na eneo.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kuuliza mambo matatu: inchi kamili pamoja na desimali zake, uwiano wa upana kwa kimo, na idadi ya pikseli. Maelezo hayo huwa kwenye boksi, kwenye kijitabu cha maelekezo, au hupatikana kwenye intaneti kwa kutumia namba ya modeli iliyobandikwa nyuma ya monita.

Kwa monita iliyotumika, ambayo boksi lake halipo, futikamba hutosha. Monita iwashwe, kisha ipimwe sehemu inayotoa mwanga pekee, kutoka pembe hadi pembe, bila kugusa fremu. Upana na kimo vipimwe pia, kwa kuwa ndivyo vinavyoonyesha umbo.

Vipimo vya nje ni suala la pekee. Anayetaka kujua kama monita itaenea mezani apime pamoja na fremu na mguu wake. Anayetaka kuitundika ukutani aangalie matundu manne ya nyuma, ambayo katika monita nyingi yamepangwa kwa umbali wa milimita 75 au 100, ili kishikio atakachonunua kilingane nayo.